BUNDUKI YA SPONJI: JINSI YA KUIPIMA NA KUIBADILI

Muhula huu chama chetu cha sayansi kimeletewa swali ambalo halimo katika kitabu chochote cha darasani. Baadhi ya wavulana waliokwenda likizo kwa jamaa zao Dar es Salaam na Arusha wameziona, na wawili watatu wamepewa zawadi, zile bunduki za plastiki za kuchezea zirushazo vishale vya sponji. Wakauliza: Je, bunduki hii ina nguvu kweli kama ilivyoandikwa kwenye kasha lake? Na je, twaweza kuiongezea nguvu?

Hayo ni maswali mawili, na watu wengi huanza na la pili kabla ya kulijibu la kwanza. Hufungua skrubu, hutia springi ngumu, kisha hushangaa kuona kishale hakifiki mbali kuliko jana, au kusikia kitu kimevunjika ndani. Mimi nataka kueleza yote mawili kwa mpango wake, yaani kupima kwanza na kubadili baadaye. Wazazi nao nawaomba wasizipite kurasa hizi, kwani mna habari za macho ya watoto ndani yake.

Vitu hivi si vya kale sana. Mwaka 1969 kampuni ya Parker Brothers ya Marekani ilianza kuuza mpira wa sponji uitwao Nerf, uliobuniwa na Reyn Guyer, ambao mtoto aweza kuurusha ndani ya nyumba bila kuvunja taa. Miaka mingi baadaye sponji ikatiwa katika bunduki za kuchezea, na jina la Nerf likazoeleka hata watu wakaliita hata kwa bunduki za kampuni nyingine. Kwa muda mrefu vishale hivyo vilikwenda polepole. Lakini mwaka 2015 ilitoka aina iitwayo Rival, irushayo vipira vya sponji kwa mwendo wa karibu mita 30 kila sekunde, na siku hizi wako watengenezaji wauzao nyingine zenye mwendo mkubwa zaidi ya huo. Ndizo hizo ziitwazo bunduki za sponji za nguvu nyingi.

Katika historia hiyo yumo mtu mmoja ambaye ningependa wanafunzi wetu wamjue. Jina lake ni Lonnie Johnson, Mmarekani Mweusi, aliyezaliwa mwaka 1949 katika mji wa Mobile, Alabama, akasoma uinjinia na kufanya kazi katika shirika la NASA. Mwaka 1982 alikuwa nyumbani kwake akijaribu mtambo wa kupoza unaotumia maji, na maji yakaruka kwa nguvu toka kwenye bomba. Katika jambo hilo aliona bunduki ya maji, ambayo baadaye iliuzwa duniani kote kwa jina la Super Soaker. Alibuni pia vitu vya kuchezea virushavyo sponji kwa hewa, akavisajili kisheria viwe mali yake. Mwaka 2013 iliamuliwa kwamba kampuni ya Hasbro, yenye jina la Nerf, imlipe karibu dola milioni 73. Basi asije mtu akasema kwamba kuchunguza kitu cha kuchezea ni kazi ya watoto tu.

Sasa tuone inavyofanya kazi. Huna haja ya bunduki yenyewe ili kulielewa jambo hili. Chukua kalamu ya wino iliyokwisha, toa kile kijiti cha wino, ubaki na ganda tupu lililo wazi pande zote mbili. Kata kipande cha kiazi mviringo chenye unene wa sentimita moja. Didimiza ncha moja ya ganda katika kiazi hata kizibo kidogo cha kiazi kibaki ndani, ufanye vivyo hivyo kwa ncha ya pili. Elekeza ganda ukutani. Halafu chukua kijiti kinachoingia ndani ya ganda na usukume kizibo cha nyuma. Utasikia "pwa!" na kizibo cha mbele kitaruka, ingawa kijiti chako hakikukigusa hata kidogo.

Kilichokirusha ni hewa. Mwaka 1662 Robert Boyle alieleza kwamba hewa iliyofungwa ikibanwa mpaka ikae katika nusu ya nafasi yake ya kwanza, na joto lake lisibadilike, msukumo wake huwa maradufu. Basi ikiwa kati ya vizibo viwili palikuwa na sentimita 12 za hewa, na wewe umesukuma hata zimebaki 6, kizibo cha mbele kinasukumwa kutoka ndani kwa nguvu mara mbili ya ile inayokisukuma kutoka nje. Hakiwezi kuvumilia, kinatoka.

Bunduki ya sponji ni kalamu hiyo hiyo iliyokuzwa. Ndani yake mna silinda. Ndani ya silinda mna pistoni yenye pete ya mpira inayoizuia hewa isipite pembeni. Nyuma ya pistoni mna springi. Ukivuta mkia wa bunduki, springi hujibana na pistoni hushikwa na kishikizo. Ukibonyeza kifyatulio, kishikizo huachia, springi huisukuma pistoni mbele, hewa hubanwa, na hewa hiyo hukisukuma kishale kupitia mtutu. Iko aina nyingine isiyotumia hewa, ambayo kishale hubanwa kati ya magurudumu mawili madogo yanayozungushwa na mota za betri. Hiyo siizungumzi hapa. Habari zake ni za umeme zaidi.

Kwa sisi wa Upare mfano mzuri wa springi ni ndiva. Kijito ni kidogo, hakiwezi kumwagilia shamba kubwa kwa mara moja. Kwa hiyo wazee walichimba ndiva, maji yakajikusanya usiku kucha, na asubuhi mlango ukifunguliwa hutoka maji mengi kwa muda mfupi. Mkono wako ni kijito, nao huvuta polepole. Springi ni ndiva, huiweka ile nishati. Kifyatulio ni mlango. Lakini kila mkulima wa Shighatini anajua kwamba ndiva ikijaa pomoni na mfereji ukawa unavuja njiani, mimea ya mwisho hukauka. Mkulima huyo akiongeza ukubwa wa ndiva pasipo kuziba mfereji, amejisumbua bure. Shikeni mfano huu, maana kosa kubwa la wanaozibadili bunduki hizi ni hilo hilo. Huongeza ndiva hali mfereji unavuja.

Tujuaje kama unavuja? Kwa kupima nishati inayoingia na nishati inayotoka.

Ya kuingia hupimwa kwa ndoo. Ikiwa bunduki yako ni ya aina ya kuvuta mkia kwa nyuma, hakikisha haina kishale, ishike wima mtutu ukielekea juu na mkia ukielekea chini, ufunge ndoo ndogo kwenye mkia. Mimina maji lita moja moja mpaka mkia uvutike wote. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na mvuto wa dunia huivuta kwa nguvu ya nyutoni 10 hivi. Usisahau uzito wa ndoo yenyewe. Tuseme kwamba ndoo na maji ni kilo 4, basi nguvu ya mwisho ni nyutoni 40. Tuseme pia mkia umevutika sentimita 8. Springi huanza kwa wepesi na kumalizia kwa ugumu, kwa hiyo nguvu ya wastani ni nusu, yaani nyutoni 20. Zidisha 20 kwa mita 0.08, utapata jouli 1.6. Hiyo ndiyo nishati iliyomo ndani ya springi. Ukimaliza, ushikilie mkia kwa mkono na uurudishe taratibu. Usifyatue bunduki isiyo na kishale, na sababu yake nitaieleza mbele.

Ya kutoka ni ngumu kidogo kuipima. Wavulana wetu hupenda kupima umbali. Umbali ni kipimo kibaya, hasa huku milimani. Sponji ni nyepesi na hewa huipunguza mwendo upesi. Upepo kidogo tu wa jioni huipeleka kando. Ukiinua mtutu juu kishale huenda mbali zaidi. Na uwanja wenyewe uko kwenye mteremko, hata mwenye bunduki hafifu akisimama upande wa juu atamshinda mwenzake aliye chini. Kasha likikuambia kwamba kishale hufika mita kadhaa, halikuambii mtutu uliinuliwa kiasi gani. Kinachotakiwa ni mwendo wa kishale wakati kinapotoka mtutuni. Mtu mwenye simu aweza kurekodi sauti na kupima muda kati ya mlio wa bunduki na mlio wa kishale kugonga ubao, lakini simu haziruhusiwi kwa wanafunzi, tena iko njia ya kale iliyo nzuri kuliko hiyo.

Njia hiyo aliieleza Mwingereza Benjamin Robins katika kitabu chake cha mwaka 1742 juu ya mizinga na bunduki. Alirusha risasi ndani ya gogo lililoning'inizwa, akapima gogo limebembea kiasi gani. Sisi tutatumia kisanduku cha karatasi ngumu kilichojazwa sufi, uso wake mmoja ukiwa wazi, kwa kuwa sufi hukipokea kishale na kukishika kisidunde. Pima kwenye mizani ya maabara na uongeze mchanga kidogo chini ya sufi hata kisanduku kiwe na gramu 49. Vishale vya kawaida vina uzito wa kama gramu 1. Pima kumi kwa pamoja ugawe kwa kumi, maana kimoja peke yake ni chepesi mno kwa mizani yetu. Ning'iniza kisanduku kwa nyuzi nne zenye urefu wa mita 2 ili kisizunguke, uweke rula chini yake. Piga ukiwa karibu, mtutu ukiwa sawa na katikati ya kisanduku, na mwenzako asome rula akiwa pembeni.

Hesabu yake ni hii. Kishale cha gramu 1 kikiingia katika kisanduku, vyote pamoja vinakuwa gramu 50, kwa hiyo mwendo unagawanywa kwa 50. Kishale chenye mwendo wa mita 20 kwa sekunde hukipa kisanduku mwendo wa mita 0.4 kwa sekunde. Kwa uzi wa mita 2, mwendo huo hukisogeza kisanduku sentimita 18 hivi. Wanafunzi wa kidato cha tatu na kuendelea wahakikishe wenyewe kwa kanuni ya nishati, jibu litatoka. Na kwa kuwa mwendo na msogeo hukua pamoja, kila sentimita 9 ni mita 10 za mwendo. Kisanduku kikisogea 27, kishale kilikuwa na mwendo wa mita 30. Nani asema fizikia haina faida?

Sasa linganisha. Nishati ya kitu kiendacho ni nusu ya uzito wake ukizidishwa kwa mwendo na tena kwa mwendo. Gramu 1 kwa mita 20 kwa sekunde ni jouli 0.2. Lakini katika mfano wetu springi ilikuwa na jouli 1.6! Yaani katika sehemu nane tulizoweka, kishale kimepata sehemu moja tu. Saba zimekwenda wapi? Nyingine zimepotea kwa pistoni kusuguana na silinda, nyingine kwa pistoni kugonga mwisho wa silinda kwa kishindo, na nyingine, ambazo mara nyingi si haba, zimetoka na hewa iliyopita pembeni mwa pete ya mpira na kwenye maungio.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kubadili ni kuziba. Fungua bunduki polepole, skrubu moja moja, na uzipange juu ya karatasi kwa mpangilio ule ule wa mahali zilipotoka. Shika springi kwa kitambaa wakati wa kufungua kifuniko, isije ikaruka usoni. Toa springi, rudisha pistoni katika silinda, ziba tundu la mbele kwa kidole gumba, usukume pistoni kwa mkono. Ikikukatalia na kurudi nyuma kama pampu ya baiskeli iliyo nzima, hewa imeshikwa. Ikizama polepole, inavuja. Fundi baiskeli yeyote ajua dawa yake: pampu ikilegea, ngozi ya ndani imekauka. Hapa pete ya mpira imekuwa ndogo au kavu. Itoe, zungusha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba mara mbili au tatu katika mfereji wake, kisha irudishe juu ya tepu. Pete itapanuka kidogo na kugusa silinda vizuri. Ukizidisha, pistoni itakwama, nawe utakuwa umeondoa hasara ya kuvuja na kuleta hasara ya msuguano. Paka mafuta ya silikoni kidogo. Usitumie mafuta ya taa, oili ya gari wala mafuta ya kujipaka mwilini, kwani haya huweza kuvimbisha mpira au kuiharibu plastiki.

Katika milima yetu kazi hii ya kuifunga hewa isivuje si ngeni. Huko Ugweno, wahunzi wa ukoo wa Washana walikuwa wakiyeyusha chuma kwa mivukuto zamani, kabla ya Mzungu yeyote kufika, na chuma chao kilivuka hata Uchagani. Mvukuto wa ngozi iliyotoboka haukoleshi moto, hata mwenye kuuvuta angekuwa na mikono ya namna gani.

Kazi ya pili ni mtutu, na hapo ndipo penye utamu. Wengi hufikiri kwamba mtutu mrefu daima ni bora. Sivyo. Wakati kishale kinapokuwa ndani ya mtutu, hewa iliyo nyuma yake inaendelea kutanuka na kukisukuma. Mtutu ukiwa mfupi mno, kishale hutoka hewa ingali na nguvu, na nguvu hiyo huishia katika mlio tu. Mtutu ukiwa mrefu mno, hewa huishiwa msukumo kabla kishale hakijatoka, na safari iliyobaki ni ya kusugua kuta bure. Kuna mahali pa katikati, napo hutegemea ujazo wa silinda: silinda kubwa huhitaji mtutu mrefu, ndogo huhitaji mfupi. Njia ya hakika ya kupajua ni kujaribu. Tafuta bomba ambalo kishale kinapita kwa kushikwa kidogo sana, likate refu kuliko unavyodhani, piga vishale vitano katika kisanduku, andika. Kata sentimita moja, piga vitano, andika. Mwendo utapanda, utasimama, kisha utaanza kushuka. Chora mchoro wake, kata bomba la pili kwa urefu ule uliokuwa bora. Anza na refu siku zote, maana msumeno hukata lakini haurudishi. Kwa maoni yangu jaribio hili moja lafaa kuliko majaribio kadhaa ya darasani ambayo jibu lake mwanafunzi amekwisha kulikariri kabla ya kuanza.

Katika bunduki nyingi za dukani utakuta pia kijimlango kidogo ndani, mahali hewa inapotokea, kinachoipunguza isipokuwa kishale kimekaa. Wanaobadili hukitoa, na kweli mwendo huongezeka. Lakini kijimlango hicho kina kazi. Bunduki ikifyatuliwa bila kishale, hewa iliyozuiliwa huwa kama godoro la kuipokea pistoni. Ukikitoa, pistoni hugonga plastiki kwa nguvu zote za springi, na baada ya siku chache utapata ufa. Ndiyo sababu nilisema usifyatue bunduki tupu.

Springi ngumu nimeiacha mwisho makusudi. Springi ikiongezwa mara mbili, kishikizo na kifyatulio vyote hubeba mzigo mara mbili, navyo ni plastiki ile ile iliyopimwa kwa springi ya kwanza. Kishikizo kikimomonyoka, bunduki huweza kujifyatua yenyewe mkononi mwa mtu. Atakayeweka springi ngumu lazima aimarishe kishikizo kwanza, na kwa vifaa tulivyo navyo hapa sishauri. Ziba, rekebisha mtutu, pima tena. Mara nyingi hutahitaji zaidi.

Juu ya vishale nina neno moja tu. Asitie mtu yeyote sindano, pini, msumari wala changarawe katika ncha ya kishale, awe amebadili bunduki au hakubadili. Anayefanya hivyo ameacha mchezo na kuanza kutengeneza silaha.

Hapo twafika kwenye swali la wazazi. Nguvu kiasi gani ni nyingi mno? Angalieni tena ile hesabu: mwendo huzidishwa kwa mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, toka mita 20 hadi 40, nishati haiwi maradufu, bali mara nne, toka jouli 0.2 hadi 0.8. Jouli 0.2 ni sawa na gololi ya gramu 5 ikianguka toka urefu wa mita 4. Jouli 0.8 ni gololi hiyo hiyo ikianguka toka mita 16. Nani atakubali gololi hiyo imwangukie jichoni?

Kanuni za Marekani za usalama wa vitu vya kuchezea, ziitwazo ASTM F963, huweka mpaka kwa kuangalia nishati pamoja na ukubwa wa ncha inayogonga: isizidi jouli 2500 kwa mita moja ya mraba, yaani robo ya jouli kwa kila sentimita ya mraba. Kishale chetu kina ncha ya upana wa milimita 13. Tukichukulia kwamba ncha yote inagusa, na uzito ni gramu 1, mpaka huo unafikiwa kwenye mwendo wa mita 25 hivi kwa sekunde. Katika kisanduku chetu cha sufi hiyo ni kama sentimita 22.

Kwa nini macho hasa? Mpira wa miguu ukimpiga mtu usoni huumiza, lakini kwa sehemu kubwa huzuiwa na mifupa iliyolizunguka jicho, kwa kuwa ni mkubwa kuliko shimo lake. Kishale cha milimita 13 hupita katikati ya mifupa hiyo bila kuzuiliwa na kuligonga jicho lenyewe, ambalo upana wake ni kama milimita 24 tu. Mwaka 2017 madaktari wa hospitali ya macho ya Moorfields, London, waliandika habari za watu watatu waliopigwa machoni na bunduki za Nerf, watu wazima wawili na mtoto wa miaka 11. Wote watatu walivuja damu ndani ya jicho, sehemu ya mbele. Madaktari hao wakashauri watu wavae miwani ya kujikinga.

Nawaambia wazazi kwa haki kwamba manati ya mpira wa tairi, ambayo kila kijiji kinayo na hakuna anayeiandikia makala, ni ya hatari kuliko hizi. Jiwe la gramu 10 likienda mita 30 kwa sekunde lina jouli 4.5, nalo si sponji. Lakini mtoto mwenye manati huambiwa na kila mtu asimwelekezee mwenzake. Mwenye bunduki ya sponji huambiwa kwamba imetengenezwa ili apige wenzake. Hapo ndipo tofauti ilipo. Akiiongezea nguvu na mchezo ukabaki ule ule, amebadili kitu na hakubadili desturi.

Ikitokea mtoto amepigwa jichoni, asilifikiche wala asilibonyeze, na asitiwe maji ya majani yoyote, maziwa, wala dawa ya dukani. Funika jicho kwa kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe, kama kitako cha kikombe cha karatasi kilichobandikwa kwenye paji na shavu. Aketi kichwa kikiwa juu. Asipewe aspirini, kwani huongeza kuvuja damu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yametulia na anasema anaona vizuri. Hospitali ya KCMC iliyoko Moshi ina idara ya macho. Damu ndani ya jicho huweza kuongezeka siku za mbele na kupandisha msukumo ndani yake, na kuona kukapotea pole pole bila maumivu makubwa.

Tena msizipake bunduki hizi rangi nyeusi ili zionekane za kweli. Rangi zake kali za machungwa na buluu, na ile ncha ya rangi ya machungwa, zipo ili mtu mwingine, hasa mwenye silaha ya kweli na mwenye hofu, asikosee usiku njiani.

Kisanduku cha sufi sasa kimening'inizwa katika maabara ya fizikia, na kwenye rula yake tumechora mstari mwekundu kwenye sentimita 22. Bunduki inayokomea chini ya mstari yaweza kuchezewa na watu waliovaa miwani. Inayoupita itapigwa kwenye ungo tu, ungo uliotundikwa ukutani, mwenye zamu akiwa amesimama mbele ya mlango ili asiingie mtu. Atakaye kupima ya kwake aje Jumamosi baada ya usafi, alete vishale vyake kumi, daftari, na miwani ya maabara. Asiye na miwani ataangalia kwa dirishani.